Vitamu Bandia na Kifafa: Daktari Ajibu Barua za Wasomaji

Tangu toleo lililozungumzia kisukari, tumepokea barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: je, vitamu bandia vinavyowekwa kwenye soda, chai na pipi zisizo na sukari vinaweza kuleta kifafa, au kumwangusha mtu ambaye tayari ana ugonjwa huo? Tumechagua barua nne na kuzifupisha. Majina ya waandishi hayatajwi.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Mwanangu wa pili ana miaka 19 na yuko kidato cha sita. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka 11, akaanzishiwa kabamazepini asubuhi na jioni, akatulia, hata mwaka mzima na zaidi ukapita bila kuanguka. Mwaka huu baba yake aligundulika kuwa na kisukari, nasi tukaacha sukari nyumbani. Chai tunatia vidonge vya utamu, na vijana wakitaka soda hununua zile zisizo na sukari. Mwezi wa Ramadhani mwanangu alifunga kama wenzake, na usiku alikuwa akijisomea kwa ajili ya mitihani. Katika mwezi huo ameanguka mara mbili. Jirani yangu ameniletea ujumbe kwenye simu unaosema kwamba utamu huo wa bandia ni sumu inayounguza ubongo na ndio chanzo cha kifafa. Ananishauri niuondoe nyumbani, kisha nimwachishe kijana vidonge vyake kwa kuwa chanzo kitakuwa kimeondoka. Naomba unieleze ukweli.

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa mwezi mgumu uliopita. Naanza na lile lisiloweza kusubiri: usimwachishe kijana kabamazepini. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mishtuko huweza kurudi kwa nguvu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na wakati mwingine mmoja hufuatwa na mwingine kabla mgonjwa hajarudiwa na fahamu, hali ambayo inaweza kuua au kuuacha ubongo na ulemavu. Hata kama ingethibitika kesho kwamba vitamu bandia vinamdhuru mwanao, ungepaswa kuviacha hivyo na kuendelea na dawa. Ushauri wa jirani yako umefunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana, na lile la pili ndilo la hatari.

Sasa nije kwenye ule ujumbe. Hofu hii haikuzuliwa na simu, ina historia yake, na ni haki yako kuijua. Kitamu kinacholaumiwa zaidi kinaitwa aspatemi. Kiligunduliwa mwaka 1965 nchini Marekani na mkemia James Schlatter wa kampuni ya G.D. Searle, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Utamu wake ni kama mara 200 ya utamu wa sukari, ndiyo maana chembe kidogo tu hutosha kikombe kizima. Serikali ya Marekani iliruhusu kitumike katika vyakula vikavu mwaka 1981, na katika soda mwaka 1983. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, mtafiti Richard Wurtman wa chuo cha MIT aliandika barua fupi katika jarida la kitabibu la The Lancet, akieleza habari za watu wazima watatu waliopata degedege katika kipindi ambacho walikuwa wakinywa vinywaji vyenye aspatemi kwa wingi sana. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Wurtman hakuwa mtu wa kubuni mambo, na hoja yake ilikuwa na msingi. Aspatemi ikifika tumboni huvunjika ikawa vitu vitatu: fenilalanini, asidi ya aspatiki na kiasi kidogo cha methanoli. Viwili vya kwanza ni sehemu za protini, na vimo katika maharage, samaki, nyama na maziwa. Glasi ya maziwa ina fenilalanini nyingi kuliko kopo la soda iliyotiwa aspatemi. Methanoli nayo imo katika matunda na katika maji ya nyanya. Wurtman alisema kwamba tofauti iko katika namna fenilalanini inavyoingia mwilini. Ukila samaki, fenilalanini huja pamoja na ndugu zake wengi wa protini, nao wote hugombea mlango mmoja wa kuingilia ubongoni, hivyo hakuna anayezidi. Ukinywa aspatemi, fenilalanini huja bila ndugu hao, na huenda ikaingia ubongoni kwa wingi usio wa kawaida, ikapunguza utengenezaji wa kemikali zinazosaidia kuutuliza ubongo. Panya waliopewa aspatemi kwa dozi kubwa mno walitoa majibu yanayopingana: katika baadhi ya majaribio degedege iliwajia kwa urahisi zaidi, katika mengine haikuwa hivyo.

Lakini nadharia nzuri hudai jaribio, na jaribio lilifanywa. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ambayo mimi nayaona kuwa ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote katika suala hili. Walitafuta kwa bidii watu waliosema wenyewe kwamba aspatemi ndiyo iliyowaangusha, wakawapata 18, yaani watu wazima 16 na watoto 2. Waliwalaza hospitalini kwa siku tano, umeme wa ubongo wao ukipimwa mfululizo mchana na usiku. Siku mojawapo mgonjwa alipewa aspatemi miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake, na siku nyingine akapewa kitu kilichofungwa vilevile lakini kisicho na aspatemi ndani, bila kuambiwa kipi ni kipi. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba fenilalanini ilipanda kweli baada ya aspatemi. Hata hivyo hakuna hata mmoja aliyepata degedege baada ya kuinywa. Fikiria, mama, hawa hawakuwa watu waliookotwa barabarani. Hawa ndio walioamini kwa moyo wote kwamba kitu hiki huwaangusha, na walipopewa kwa dozi kubwa bila kujua, hakikuwaangusha.

Ni dozi kubwa kiasi gani? Kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka tangu mwaka 1981 kwamba mtu anaweza kutumia hadi miligramu 40 za aspatemi kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, maisha yake yote. Mwanao akiwa na kilo 55, kiwango chake ni miligramu 2,200 kwa siku. Kopo moja la soda isiyo na sukari lina kiasi cha miligramu 200 hadi 300, kwa hiyo angehitaji makopo saba hadi kumi na moja kila siku ili afike hapo, na pakiti ndogo za kutia kwenye chai, zenye miligramu 35 hadi 40 kila moja, angehitaji zaidi ya hamsini. Mamlaka ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilipitia upya ushahidi wote mwaka 2013 na kubakiza kiwango hicho hicho, na kamati niliyoitaja ilifanya hivyo tena mwaka 2023.

Huenda umesikia pia kwamba mwaka huo wa 2023 wakala wa utafiti wa saratani aliiweka aspatemi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu hivi kupunguza unene. Habari zote mbili ni za kweli, lakini hakuna hata moja inayohusu kifafa, na ushauri wa pili haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari kama baba watoto. Ujumbe wa simu huzichanganya habari hizi, kisha msomaji hubaki na hofu moja kubwa asiyojua imetoka wapi.

Niruhusu sasa nikuambie nilichokiona mimi katika barua yako. Uliandika kwa kupita tu kwamba kijana alifunga na kwamba alikuwa akisoma usiku. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vya kifafa vinavyojulikana vizuri kabisa, na mwezi wa Ramadhani usingizi hukatika katikati kwa ajili ya daku hata kwa mtu asiye na mitihani. Kichocheo kingine kikubwa, pengine kikubwa kuliko vyote, ni kuruka dozi. Dawa ya asubuhi inayohamishiwa daku huwa salama iwapo kijana anaamka kila siku. Akipitiwa na usingizi hadi adhana ya alfajiri, siku nzima hupita bila dozi. Muulize kwa upole, si kwa kumhoji kama mtuhumiwa, ni mara ngapi alipitiwa. Muulize pia kama alikuwa akinywa kahawa nyingi au vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ili asisinzie, na kama alimeza dawa nyingine yoyote ya maumivu au ya maambukizi. Tramado, kwa mfano, ambayo vijana wengine huinunua dukani bila cheti, hurahisisha degedege kutokea, na dawa ya malaria iitwayo meflokwini haipaswi kupewa mtu mwenye kifafa.

Jambo la mwisho ni uzito wake. Alianzishiwa dawa akiwa na miaka 11, na sasa ni mtu mzima. Mtoto wa kilo 30 na kijana wa kilo 55 hawatoshelezwi na dozi moja. Mpeleke kliniki na vidonge vyake mkononi, mweleze daktari mambo yote haya pamoja na vitamu mnavyotumia, na umwombe aangalie kama dozi iliongezwa kadiri alivyokua. Kabla ya Ramadhani ijayo mrudi tena mapema, mpange saa za dawa au mshauriane kama afunge ama la. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye au kutoa fidia, na si aibu kuitumia.

Kama moyo wako hautulii, viondoe vitamu hivyo kwenye chakula cha kijana. Hakuna atakachopungukiwa kwa kunywa maji na chai isiyotiwa kitu. Ila fanya hivyo huku kila kitu kingine kikibaki kama kilivyo, na uandike daftarini tarehe na saa ya kila mshtuko, usingizi wa usiku uliotangulia, dozi zilizomezwa na vilivyoliwa. Daftari la miezi michache litamsaidia daktari wenu kuliko ujumbe wowote wa simu. Na akianguka tena, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tazama saa; mshtuko ukizidi dakika 5, mkimbizeni hospitali.

SWALI: Daktari, mimi ni baba wa binti wa miaka 7, tunaishi Nairobi. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto hukaa akaduwaa katikati ya somo, macho yamekodoa, kisha baada ya sekunde chache huendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulidhani ni utundu. Kipimo cha umeme wa ubongo kimeonyesha kwamba ni kifafa, na ameanzishiwa valproeti. Binti yangu anapenda sana juisi za unga zilizoandikwa kwamba hazina sukari. Nimeambiwa na mfamasia kwamba kwa kifafa cha aina yake niziache. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, mfamasia wako anaujua utafiti ambao watu wengi wamewahi kuusikia bila kuusoma. Katika barua iliyotangulia nimesema kwa nguvu kwamba ushahidi hauilaumu aspatemi, na nitakuwa sikutenda haki nisipoeleza jaribio moja linalokwenda upande mwingine, kwa sababu linahusu watoto kama wako hasa.

Kifafa cha kuduwaa hakimwangushi mtoto. Humkata fahamu kwa sekunde tano, kumi au ishirini, mara nyingi kwa siku, na wazazi wengi hudhani ni uzembe au ndoto za mchana. Wakati huo umeme wa ubongo hutoa mawimbi ya aina yake yanayoonekana wazi kwenye kipimo, hivyo daktari anaweza kuhesabu sekunde ambazo ubongo uko katika hali hiyo hata kama mtoto haonyeshi chochote kwa nje. Mwaka 1992 madaktari wa Kanada wakiongozwa na Camfield waliwachukua watoto 10 waliokuwa wametambuliwa karibuni kuwa na kifafa hiki na walikuwa hawajaanza dawa. Kila mtoto alikunywa maji ya machungwa yaliyotiwa aspatemi siku moja, na yaliyotiwa sukari siku nyingine, bila mtoto wala msoma kipimo kujua ni siku ipi. Baada ya aspatemi, muda ambao ubongo ulikaa katika mawimbi ya kifafa kila saa uliongezeka kwa wastani wa asilimia 40.

Matokeo hayo hayapaswi kupuuzwa, na mimi siyapuuzi. Lakini yasomwe jinsi yalivyo. Watoto walikuwa kumi tu. Idadi ya mawimbi na urefu wa kila wimbi viliongezeka pia, lakini si kwa kiasi ambacho takwimu zingeweza kukitofautisha na bahati nasibu. Muda wa jumla peke yake ndio uliofikia kiwango hicho. Dozi ilikuwa miligramu 40 kwa kila kilo, yote kwa mara moja. Binti yako akiwa na kilo 22, hiyo ni miligramu 880, sawa na kumnywesha makopo matatu au manne ya soda kwa mkupuo. Na watoto wale hawakuwa kwenye dawa, tofauti na wako. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watoto wenye kifafa cha aina mbalimbali aspatemi miligramu 34 kwa kila kilo kila siku kwa wiki mbili, na wiki mbili nyingine wakawapa kitu kisicho na aspatemi, wala hawakuona tofauti katika mishtuko au katika umeme wa ubongo.

Hapa daktari hulazimika kutoa maamuzi yake mwenyewe, na yangu ni haya. Kwa mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa ambaye bado hajatulia kwa dawa, mimi humshauri mzazi aziweke kando juisi na soda zenye aspatemi. Kuna dalili moja ya hatari, ndogo lakini halisi, na upande wa pili wa mizani hakuna faida yoyote ya kiafya ambayo mtoto wa miaka 7 mwenye uzito wa kawaida anaipata kwa kunywa juisi ya unga. Chungwa lipo na maji yapo. Lakini usiingiwe na hofu akipewa pipi moja kwenye sherehe ya shule; kiasi kilichomo hakikaribii hata kidogo kile cha majaribio. Wala usitarajie kwamba kuziacha juisi kutamponya. Valproeti ndiyo itakayofanya kazi hiyo, na kifafa hiki kwa watoto huitikia tiba vizuri, na wengi wao hupona kabisa wanapokua. Mwombe mwalimu akuandikie kila wiki ni mara ngapi amemwona akiduwaa, kwa sababu yeye ndiye anayekaa naye saa nyingi akiwa ametulia mahali pamoja.

Angalia pia dawa za kutafuna na zile za maji anazopewa mtoto, zikiwamo vitamini; baadhi yake hutiwa aspatemi ili zisiwe chungu. Ukiikuta humo, usiitupe dawa, mwulize mfamasia kama kuna nyingine badala yake.

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni mzee wa miaka 58, mkazi wa Mombasa, nina kisukari kwa miaka sita na natumia glibenklamidi. Sukari niliiacha kabisa, chai natia sukralosi. Majuzi sikula chakula cha usiku kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa gesi, ila dawa nilimeza. Alfajiri mke wangu alinikuta nimelowa jasho na mwili unatetemeka na kukakamaa, nami simjui. Sasa watu nyumbani wanasema nimepata kifafa kwa sababu ya sukralosi. Je, ndivyo?

JIBU: Wa alaykum salaam, mzee wangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niombe nafasi kubwa zaidi katika toleo hili, kwa maana hapa hatari ipo kweli, ila haiko kwenye sukralosi.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hukula. Ukimeza dawa na kuacha chakula, insulini huendelea kushusha sukari ya damu usiku kucha. Ubongo huitegemea sukari hiyo kama chakula chake, na ikishuka chini ya kipimo cha milimoli 3.9 kwa lita, mwili huanza kulalamika: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, hasira zisizo na sababu. Ikiendelea kushuka, mtu huchanganyikiwa, hupoteza fahamu na hupata degedege inayofanana kabisa na kifafa kwa macho ya mtu wa nyumbani. Jasho ulilokutwa nalo, chakula ulichokiacha na saa ya alfajiri vyote vinaelekea huko. Degedege ya namna hii si ugonjwa wa kifafa na haitibiwi kwa dawa za kifafa. Hutibiwa kwa kurekebisha dawa ya kisukari na ratiba ya chakula. Nenda kwa daktari wako wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki. Umri unapoongezeka na figo zinapopunguza kazi, glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na huenda akaona ni bora ubadilishiwe.

Vitamu bandia vinaingia katika habari hii kwa njia moja tu, nayo ni muhimu. Mtu aliyezoea kutia sukari vijiko vitatu katika kila kikombe, akiacha ghafla na kutia sukralosi huku dozi ya dawa ikibaki ileile, ameondoa chakula ambacho dawa ilipimwa kukabiliana nacho. Kuacha sukari ni vizuri, ila mwambie daktari siku unayoiacha. Na kubwa zaidi: sukari inaposhuka, kitamu bandia hakikusaidii kitu. Nimeona familia zikimpa mgonjwa anayetetemeka soda isiyo na sukari kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa kwenye friji, wakidhani utamu ni utamu. Ulimi hudanganyika lakini ubongo haupati chochote. Kinachotakiwa ni sukari yenyewe, vijiko vya chai vitatu au vinne kwenye maji, au kiasi cha mililita 150 za soda ya kawaida, kisha kupima tena au kutazama hali baada ya dakika 15, na kurudia kama hajapata nafuu. Akishapata nafuu ale chakula cha kushibisha. Mwambie mama wa nyumbani aweke sukari kidogo mahali anapoweza kuifikia gizani, hata kama ninyi wote mmeacha kuitumia. Lakini ukiwa umepoteza fahamu asikutie chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Akulaze ubavu na kukupeleka hospitali mara moja.

Mngekuwa na mashine ya kupimia sukari nyumbani, alfajiri ile mngepata jibu palepale. Kama uwezo upo, inunueni. Sukari iliyopanda mno nayo huweza kuleta degedege, hasa kwa watu wa umri wako, na bila kipimo ni vigumu kutofautisha. Ukiugua malaria, mkumbushe anayekutibu kwamba una kisukari na kwamba umewahi kushukiwa na sukari, kwa sababu kwinini nayo huishusha.

SWALI: Daktari, mimi ni dada wa miaka 26 kutoka Mwanza, nina kifafa na ninatumia dawa. Je, stevia, sakarini na sukralosi ni salama kuliko aspatemi, na nitajuaje kilichomo katika ninachonunua?

JIBU: Dada, hofu ya kifafa ilielekezwa kwa aspatemi kwa sababu ya fenilalanini, na hivyo vitatu ulivyovitaja havina fenilalanini. Sukralosi nyingi hutoka mwilini bila kufyonzwa, sakarini hutoka na mkojo kama ilivyoingia, na utamu wa stevia unatokana na majani ya mmea wa asili ya Amerika Kusini. Kuna jambo linaloweza kukutuliza. Watoto ambao kifafa chao hakikusikia dawa, katika hospitali zenye huduma hiyo, huwekwa kwenye mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, tiba iliyoanza huko Marekani mwaka 1921. Katika mlo huo sukari haina nafasi kabisa, na madaktari wanaousimamia huwaruhusu watoto hao kukolezewa vyakula kwa sakarini au stevia.

Kwenye lebo, tafuta jina au namba. Aspatemi ni E951, asesulfemu ni E950, saiklameti ni E952, sakarini ni E954, sukralosi ni E955 na stevia ni E960. Usiishie kwenye maandishi makubwa ya mbele ya chupa, kwa sababu siku hizi zipo soda zenye sukari na vitamu bandia pamoja, na hilo huandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Bidhaa yenye aspatemi mara nyingi huwa na onyo kwamba ina fenilalanini. Onyo hilo linawahusu watu waliozaliwa na ugonjwa uitwao fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuivunja fenilalanini. Kwao hujikusanya, huharibu ubongo na huweza kuleta degedege, hivyo aspatemi ni marufuku kwao. Ni ugonjwa wa nadra, na wewe usiye nao unaweza kulipita onyo hilo bila wasiwasi.

Kwa kuwa uko katika umri wa kuzaa, ukienda kliniki mwulize daktari ni dawa gani hasa unayomeza. Kama ni valproeti, zungumza naye kabla hujapanga kushika mimba, wala usiiache mwenyewe, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni na zipo nyingine za kubadilishia.